Likizo Hupimwa kwa Saa: Namna Ninavyochagua Pa Kwenda

Kila skuli zikikaribia kufungwa, wifi zangu huanza kuniuliza safari hii tunakwenda wapi. Wananiuliza mie kwa sababu nina daftari. Ni daftari la mistari, la kawaida, na ndani yake nimeandika kila safari ya mapumziko ya familia yetu tangu mwaka 2014: saa tuliyofunga mlango wa nyumba yetu hapa Magomeni, Zanzibar mjini, saa tuliyovua viatu tulikokwenda, nani alitapika, nani alilia, na tulikaa muda gani kabla ya kuanza kufungasha tena. Sikulianza kwa mapenzi ya kuandika. Nililianza kwa uchungu wa Bagamoyo.

Ukitazama ramani, Bagamoyo iko mkabala na sisi. Toka Forodhani hadi kule, mstari ulionyooka ni kama kilomita 45, wakati Dar es Salaam ni zaidi ya 70. Nikasema basi, Jumamosi na Jumapili zinatosha, tuwaoneshe watoto magofu ya Kaole na mji ambao misafara ya zamani ilianzia. Lakini mstari ulionyooka ni wa kunguru. Binadamu huvuka kwa boti hadi Dar es Salaam, hushuka na mabegi, hutafuta gari, kisha hurudi kaskazini kwa barabara kama kilomita 65 tena. Tulifunga mlango saa 12 alfajiri. Foleni ya Tegeta ilitukamata jua likiwa utosini, mtoto wangu mdogo wakati huo ana miaka mitatu, amelala kifuani kwangu ameroa jasho. Tukavua viatu Bagamoyo saa nane na nusu mchana. Kaole tuliiona kwa nusu saa, jua linazama. Kesho yake saa nne asubuhi tukaanza safari ya kurudi, na mlango wa nyumba tukaufungua saa moja na nusu usiku. Nikakaa kitandani nikahesabu kwa vidole: saa 18 njiani, na saa za kutembea hazikufika sita.

Bagamoyo ni mji mzuri, nimeshaurudia kwa siku nne na niliupenda. Kosa lilikuwa langu, nilipima kwa kilomita. Hebu nikueleze ninavyopima sasa.

Kwanza, saa za safari huanza kuhesabiwa unapogeuza ufunguo mlangoni, na hukoma unapovua viatu. Usihesabu muda wa boti kuwa ndio safari. Boti ya kasi kwenda Dar es Salaam ni kama saa mbili baharini, lakini kuna teksi ya kwenda bandarini Malindi, kuna kufika mapema kuonesha tiketi na kitambulisho, kuna foleni ya mizigo, kuna kungoja mchukuzi, na upande wa pili kuna yote hayo tena. Kwangu, na watoto watatu, saa mbili za boti hazijawahi kuwa chini ya saa nne. Daladala nayo ni hivyo hivyo. Nambari 116 ya Nungwi inapita barabara ya kilomita 60 hivi, gari ya kukodi ikaimaliza kwa saa moja na robo. Daladala hungoja ijae, husimama Mahonda, hushusha magunia, hupakia mtu na jogoo wake. Daftari langu linasema saa mbili na dakika 40, toka Magomeni hadi mchangani. Siku moja tuliandika tatu na nusu.

Ajabu ni visiwa vidogo vilivyo mbele ya mji. Changuu unaiona kwa macho, haifiki kilomita sita, na mashua ya mashine huchukua nusu saa au pungufu. Hiyo ndiyo safari pekee katika daftari langu ambayo ukifunga mlango saa mbili na nusu, saa nne watoto wameshawalisha makobe majani. Ukiwa na siku moja tu na mtoto mchanga, usitafute mbali. Watu wa mjini tunaidharau Changuu kwa sababu tunaiona kila siku, na wengine tumezeeka hatujawahi kuikanyaga.

Baada ya miaka kadhaa ya kuandika nikaona kitu. Safari zote tulizorudi tukiwa na furaha zilikuwa na uwiano unaofanana, na zile tulizorudi tukinuniana zilikuwa na wake. Nikatoa kanuni yangu mwenyewe: usiku mmoja wa kulala hununua saa mbili za safari ya kwenda. Ukilala usiku mmoja, usiende zaidi ya saa mbili. Ukilala mbili, saa nne. Ukitaka pahala pa saa nane, basi uwe na siku nne za kulala, na kama huna, chagua pengine bila ya kujilaumu. Mtu asiye na watoto anaweza kuivuta kidogo. Mwenye mgonjwa aipunguze.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye suala la pili, ambalo naliona kubwa kuliko lote: safari hupimwa kwa mtu dhaifu kuliko wote mlionao. Usiipime kwa dereva, wala kwa kijana wa kidato cha nne anayeweza kulala amesimama. Kwetu sisi mtu huyo ni mama yangu. Bi mkubwa ni mzaliwa wa Wete, Pemba, ana zaidi ya miaka 70, magoti hayakunji vizuri, na bahari humlevya hata ikitulia. Na pahala anapopapenda duniani ni huko huko Wete, kwa mdogo wake.

Kwa hivyo nimepiga hesabu ya Pemba mara nyingi kuliko hesabu nyengine yoyote. Kwa boti: mlango saa 12, Malindi, bahari, bandari ya Mkoani saa nne na nusu, mizigo, gari, kupanda na kushuka vilima hadi Chake Chake, halafu Wete. Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 70 kwa urefu, lakini barabara inapinda na magari yanasimama kila kijiji. Viatu tulivivua saa saba kasorobo. Saa sita na dakika 45. Kwa kanuni yangu hiyo ni safari ya siku nne za kulala.

Kwa ndege: mlango saa mbili, uwanja wa ndege wa Kisauni, nusu saa hewani, kushuka Chake Chake, gari hadi Wete, viatu saa tano na nusu. Saa tatu na nusu. Angalia vizuri hapo. Nusu saa ya hewani imekuwa saa tatu na nusu, kwa hivyo usimuamini mtu anayekwambia Pemba ni nusu saa. Lakini imeshuka kutoka safari ya siku nne ikawa safari ya siku mbili, yaani hata mtu mwenye ruhusa ya Ijumaa tu anaweza kwenda kulala kwa mama yake mdogo akarudi kazini Jumatatu.

Sasa je, fedha? Usilinganishe tiketi kwa tiketi, utaishia kupanda boti kila siku. Chukua tofauti ya bei, uizidishe kwa idadi yenu, uigawe kwa saa ulizookoa. Tuseme, kwa mfano tu, ndege imezidi boti kwa shilingi 60,000 kwa kichwa. Sie tuko sita, hiyo ni 360,000, na tumeokoa saa tatu na robo. Kila saa tunainunua kwa zaidi ya shilingi 110,000. Ghali mno kwangu, kwa fedha hizo tungekula samaki wiki nzima. Lakini mama peke yake na binti yangu mkubwa wa kumshika mkono ni 120,000, na mama akishuka kwenye ndege anatembea mwenyewe hadi kwenye gari, wakati akishuka kwenye boti analala siku nzima ya pili kitandani. Kwake yeye boti inakula saa sita na siku moja juu. Basi tunagawana: wao wawili wanaruka, sisi wanne tunavuka na mabegi yote, kwa sababu zile ndege ndogo huruhusu kilo 15 tu. Nani alisema familia lazima ipande chombo kimoja? Tunakutana Wete mchana, chai ipo mezani.

Kuna watu wataniambia, mbona usipande meli ya usiku, ulale baharini, uamke Pemba, siku haikupotea? Kwa hesabu ya makaratasi wana haki. Mie sipandi usiku na watoto. Sisi watu wa Pemba tunaukumbuka usiku wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikielekea kwetu, na majirani niliokua nao hawakufika. Vyombo vimebadilika tangu siku zile. Lakini ninapovuka mkondo ule nataka iwe mchana, nione maji, na watoto wangu wawe macho. Hilo pia huingia katika kuchagua pa kwenda, na mtu asikuone mjinga kwa kulitia katika hesabu yako.

Suala la tatu ni upepo na maji. Hapa wageni hukosea sana, na siku hizi hata sisi wenyewe.

Umbali wa bahari haubaki vile vile mwaka mzima. Kusi, ambalo huvuma kiasi cha Aprili hadi Oktoba na likashika kasi Juni na Julai, ndilo linalokuta likizo ya katikati ya mwaka. Ukienda Pemba wakati huo upepo uko mgongoni, chombo kinasukumwa, watu wanakula maandazi yao wanacheka. Kurudi Unguja ndiyo kazi, mnakabili mawimbi uso kwa uso, na mifuko ya kutapikia inagaiwa kabla hamjaiacha Mkoani mbali. Kaskazi, la Disemba hadi Machi, hugeuza mambo: kwenda ndio kugumu, kurudi ni raha. Kwa hivyo kabla ya kukata tiketi ya mama nauliza upepo, halafu nachagua upande mmoja wa kulipia ndege. Juni anakwenda kwa boti, anarudi kwa ndege. Disemba anakwenda kwa ndege, anarudi kwa boti. Nusu ya gharama, na karibu raha yote. Wanaokwenda bara kwa Dar es Salaam nao waulize, ingawa mkondo ule ni mfupi zaidi.

Na maji kupwa na kujaa. Mama mwenzangu, hili litie moyoni. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Chwaka kushuka Bwejuu, Paje na Jambiani, bahari hukimbia mbali sana maji yakipwa. Gari kutoka mjini hadi Paje ni saa moja na kidogo, barabara nzuri, kilomita kama 50. Watu wanafunga mlango saa mbili, wanafika saa tatu na kidogo, wanakunywa chai, wanavaa nguo za kuogea, na bahari haipo. Wamekuta mchanga, miamba, na kina mama wa mwani wameinama kazini. Watoto wanalia wanataka maji, na maji yako kule yanakopiga mawimbi meupe.

Kalenda ya mwezi ingewaambia. Mwezi mosi na mwezi 15 wa Kiislamu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Siku hizo maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi au baada yake, na hujaa jioni, saa kumi na kuendelea. Maji mafu, mwezi 8 na mwezi 22 hivi, mambo hugeuka, asubuhi ndiyo maji yanajaa, ingawa hayaendi mbali wala hayaji juu sana. Katikati ya hapo, kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Kwa hivyo ukiwa na siku moja tu ya kwenda Paje na kurudi, ichague ya maji mafu. Ikiwa ni bamvua, na siku huwezi kuibadilisha, basi ama ondokeni baada ya sala ya Adhuhuri mkae hadi Magharibi, ama mlale, ama mgeuze gari mwende Nungwi au Kendwa, ambako bahari haikimbii vile. Nungwi iko mbali kidogo kwa gari, lakini siku ya bamvua Nungwi ndiyo iliyo karibu, kwa sababu ukifika unaingia majini papo hapo.

Nisiwe mkali na bamvua lakini. Mwaka mmoja tulifika Jambiani maji yamepwa, nimeshakasirika, na wanangu wakanisahaulisha. Walitembea na babu mmoja mwenyeji mpaka ndani, wakaona viti vya pweza vyekundu na majongoo ya pwani, wakarudi baada ya saa mbili wamechomeka jua na hawataki kuondoka. Ukijua unachokwenda kukikuta, hata maji makavu ni likizo.

Nimezungumza kana kwamba umbali ni adui. La. Kuna mwaka nilichagua karibu na nikajuta.

Mume wangu ni fundi umeme. Tulikwenda Kizimkazi kwa siku tatu, saa moja tu kutoka nyumbani, kanuni yangu ikaridhika kabisa. Siku ya kwanza simu ikaita mchana, jokofu la mteja limezima, "si uko hapa hapa tu, njoo mara moja." Akaenda, akarudi usiku. Siku ya pili, maziko Jang'ombe, na maziko mtu haachi. Siku ya tatu wageni wetu wa mjini wakatufuata wenyewe, kwa mapenzi, gari mbili, nikapika wali wa watu 14. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyotoka. Tangu hapo najua kwamba bahari ikiwa kati yako na shughuli zako, watu wanakuacha. Mteja akisikia "niko Pemba" anatafuta fundi mwengine bila ya kukasirika. Kwa hivyo nauliza kila mtu katika nyumba: anapumzika kutokana na nini? Watoto wanataka maji, Changuu inawatosha. Mume wangu anataka simu inyamaze, huyo umpeleke ng'ambo. Mama anataka sauti za watu wake. Ukijua hayo, utajua umbali mnaouhitaji, na mara nyengine ni mkubwa kuliko ule mnaoumudu, hapo mnangoja mwaka ujao na kuweka akiba.

Kwa wanaotaka bara, habari njema ya miaka ya karibuni ni treni. Toka SGR ilipoanza mwaka 2024, Morogoro imesogea. Zamani, ukishuka boti Dar es Salaam, basi la Morogoro lilikuwa kuiombea Kimara na Kibaha zisiwe na foleni, na siku nyengine saa tano zilikwisha. Sasa stesheni iko dakika chache kwa teksi kutoka bandarini, na treni inafika chini ya saa mbili au karibu na hapo. Tuliondoka Magomeni alfajiri, tukaswali Alasiri tunaitazama milima ya Uluguru imefunikwa mawingu. Milima haikuhama, lakini kwa siku nne za kulala sasa ni ya kwetu. Lushoto bado ni ya wiki nzima, kwa sababu baada ya basi refu kuna kupanda kutoka Mombo, kona kwa kona, na mwenye tumbo dhaifu atajuta. Baridi yake inastahili lakini, kama wiki unayo.

Jambo dogo la mwisho ambalo wengi hawalipangi ni siku ya kurudi. Usirudi siku ya mwisho ya ruhusa. Boti hughairishwa upepo ukizidi, na iliwahi kututokea tukalala Mkoani usiku mmoja bila ya kupanga, watoto saba wa ukoo na mkate wa mofa mmoja. Rudi siku moja kabla, ufue, ulale. Na wakati wa Sikukuu, tiketi za Pemba zinunue mapema sana, kwa sababu kila Mpemba anakwenda kwao siku hizo hizo.

Disemba hii mama anataka kuiona Vumawimbi, pwani ya kaskazini ya Pemba. Anasema alipelekwa na baba yake akiwa msichana, kwa miguu kupitia msitu wa Ngezi, na hajairudia. Nimeshaanza ukurasa. Siku tano za kulala. Kaskazi, kwa hivyo kwenda atapanda ndege na binti yangu, kurudi tutakuwa naye botini, na tangawizi mbichi mkobani. Toka Wete tutakodi gari yetu wenyewe, tusingoje daladala ya Konde, tuondoke baada ya chai, tupite msituni polepole. Siku nimeichagua kwenye kalenda, mwezi 22 wa Kiislamu, ili asubuhi ile maji yawe yamejaa na mama asilazimike kuyafuata mbali. Mstari wa saa ya kuvua viatu nimeuacha wazi.